Hotspoti ya DMR ya kubeba mkobani, kuanzia kadi tupu hadi kasuku ajibu

Redio ya mkononi ya DMR (mfumo wa redio ya dijitali) ya wati 5 haikufai kitu mahali ambapo hakuna ripita ya dijitali, yaani kituo kinachopokea mawimbi na kuyarusha tena mbali, inayoifikia. Unaweza kukaa ukisubiri mtu apandishe antena mlimani, au ujitengenezee kituo chako kidogo kinachoingia kwenye mfuko wa shati. Mimi nilichagua la pili, na kisanduku changu hukaa mkobani pamoja na chaja na miwani.

Hotspoti ya namna hii ni kompyuta ndogo iliyobebeshwa kibao cha redio. Ukibonyeza PTT, kitufe cha kuzungumzia, kibao kinapokea mawimbi yako na kompyuta inayapitisha kwenye intaneti. Anayekujibu kutoka mbali sauti yake inarudi njia ileile, na kibao kinairusha kwenye redio yako. Nguvu ya kurusha ni kama miliwati 10, kwa hiyo usiifananishe na ripita. Inakutosha wewe chumbani, barazani au ndani ya gari, basi.

Ninayoieleza hapa inatumia Raspberry Pi Zero, kibao cha MMDVM na mfumo wa Pi-Star. MMDVM ni kazi ya Jonathan Naylor, ambaye ishara yake ya wito hewani ni G4KLX, na Pi-Star ni ya Andy Taylor, MW0MWZ. Wote wawili wametuachia programu hizi bure. Modi nitakayowasha ni DMR peke yake, na mtandao ni BrandMeister, unaounganisha vituo vya DMR kupitia intaneti na wenye kasuku, yaani huduma inayokurudishia sauti yako. Ndiyo, kibao hichohicho kinaweza D-Star, C4FM ya Yaesu, P25 na NXDN. Viache kwanza. Chipu ya redio iliyo juu yake haisikilizi modi zote kwa pamoja. Huzipitia kwa zamu, na ukibonyeza wakati zamu iko kwingine, maneno yako ya mwanzo humezwa. Watu wengi wanaolalamika kwamba hotspoti "inakata kata" wamewasha kila kitu kilichokuwa na swichi.

Leseni na namba

Kisanduku hiki ni kituo cha kurusha mawimbi, hata kama kinarusha kidogo. Unahitaji leseni ya redio ya ridhaa na ishara ya wito. Masharti hutofautiana nchi na nchi, hivyo soma leseni yako inasemaje kuhusu kituo kilichounganishwa na intaneti, na kuhusu kituo kinachorusha chenyewe bila mtu kukikalia.

Halafu omba namba ya DMR kwenye tovuti ya RadioID. Ni bure, unajaza taarifa zako na kuambatanisha nakala ya leseni. Utapewa namba ya tarakimu 7, na tatu za mwanzo zinaonyesha nchi. Namba ni ya mtu, si ya kifaa, kwa hiyo redio zako zote zinatumia hiyohiyo. Hotspoti nayo inatumia hiyo, ila unaiongezea tarakimu mbili mwishoni, 01 au 02 au yoyote hadi 99, ili ukiwa na visanduku viwili mtandao usivichanganye.

Ukishapata namba, jisajili BrandMeister, ingia sehemu yao ya SelfCare na uweke neno la siri la hotspoti. Hili ni tofauti na neno la kuingilia kwenye akaunti. Andika mahali, utalihitaji baadaye, na kulikosea hata herufi moja kunatosha kukuacha nje ya mlango huku kila kitu kingine kikionekana kizima.

Vifaa

Kompyuta: Raspberry Pi Zero W ya mwaka 2017 au Zero 2 W ya 2021. Zote zina milimita 65 kwa 30. Ya pili inawaka haraka zaidi, lakini kwa DMR pekee ile ya kwanza haina shida. Kama hujui kulehemu, tafuta iliyokuja na pini 40 zikiwa zimeshalehemiwa. Kumbuka jambo moja ambalo litarudi huko mbele: waifai ya zote mbili ni ya gigahezi 2.4 tu.

Kibao: kuna chenye antena moja na chenye antena mbili. Cha antena mbili kinafanya dupleksi, yaani kinapokea na kurusha kwa wakati mmoja kwa masafa mawili tofauti, na kinakupa sloti zote mbili za DMR, yaani zamu mbili za muda ndani ya masafa yaleyale. Ni kizuri kwa kituo cha nyumbani. Kwa mkobani nachukua cha antena moja, yaani simpleksi: kinakula umeme kidogo, kinachukua nafasi ndogo, na mipangilio yake ni nusu. Unachopoteza ni kwamba huwezi kumkatiza mtu anayezungumza, maana kisanduku kikiwa kinarusha hakikusikii. Kwa mazungumzo ya kistaarabu si hasara.

Kabla hujafunika kisanduku, fanya kazi moja ndogo ambayo wengi huiruka. Kwenye kibao, karibu na chipu iliyoandikwa ADF7021, kuna kikopo kidogo cha chuma, kidogo kuliko punje ya mchele. Hicho ndicho kinachopiga mapigo ambayo masafa yote yanatokana nayo, na juu yake pamechongwa namba: ama 14.7456 au 12.288. Maandishi ni madogo mno kwa macho yangu. Napiga picha kwa simu kutoka pembeni, mwanga ukilalia chuma, kisha naikuza. Andika namba hiyo. Famiwea ya kibao, yaani programu yake ya ndani, lazima ilingane nayo. Siku ukitaka kusasisha famiwea ukaweka ya 12.288 kwenye kibao cha 14.7456, masafa yatahama mbali na redio yako haitasikika tena, huku dashibodi ikikuonyesha kwamba modemu iko sawa kabisa.

Antena fupi ya sentimita 70 inatosha. Ifunge kabla ya kuwasha umeme. Kasha liwe la plastiki. Antena ya waifai ya Pi Zero imechorwa kwenye ubao wenyewe, na kasha la chuma lisilo na upenyo upande ule linaiziba. Kadi ya memori ya GB 8 au zaidi, ya kampuni inayojulikana. Skrini kubwa ya kugusa achana nayo. Kiskrini kidogo cha OLED kina faida moja ya kweli, kwamba kinakuonyesha anwani ya IP, na ugenini hilo ni jambo kubwa. Kama chako ni cha inchi 1.3, kwenye mipangilio chagua aina ya 6. Cha inchi 0.96 ni aina ya 3. Ukikosea, picha inasogea pembeni na kuacha chengachenga, na watu hudhani kiskrini ni kibovu.

Kadi na waifai

Pakua imeji ya Pi-Star ya Raspberry Pi, ifungue kutoka kwenye zip, kisha iandike kwenye kadi kwa Raspberry Pi Imager au balenaEtcher. Ikimaliza, chomoa kadi na uirudishe kwenye kompyuta. Utaona sehemu ndogo ya kadi yenye jina "boot". Humo ndani tengeneza faili la maandishi liitwalo wpa_supplicant.conf, na ndani yake andika hivi:

```
country=XX
ctrl_interface=DIR=/var/run/wpa_supplicant GROUP=netdev
update_config=1

network={
    ssid="nyumbani"
    psk="neno-la-siri-la-ruta"
    priority=10
}

network={
    ssid="simuyangu"
    psk="neno-la-siri-la-simu"
    priority=5
}
```

Badala ya XX weka herufi mbili za nchi uliyomo. Namba ya priority ikiwa kubwa ndiyo inayopewa kipaumbele: mitandao yote miwili ikiwepo, kisanduku kitashika ruta ya nyumbani na kuacha data ya simu. Kama unatumia Windows, hakikisha faili halijaitwa wpa_supplicant.conf.txt kwa siri. Windows hupenda kuficha ile .txt ya mwisho, na Pi-Star hailijui faili la jina hilo.

Mtandao wa simu uweke sasa hivi, usisubiri siku ya safari. Kwenye simu, ipe hotspoti yake ya waifai jina fupi lisilo na nafasi wala alama ya mkato wa juu. Jina la iPhone mara nyingi huja na alama hiyo iliyopinda, na ile unayoichapa kwenye faili inakuwa imenyooka. Kwa macho ni sawa, kwa kompyuta ni majina mawili. Kisha ilazimishe simu itumie gigahezi 2.4: kwenye Android utakuta chaguo la bendi katika mipangilio ya hotspoti, na kwenye iPhone kuanzia iPhone 12 ni swichi iitwayo "Maximize Compatibility". Usalama uwe WPA2. Simu iliyowekwa WPA3 peke yake kisanduku hakitaiweza.

Chomeka kadi, funga antena, washa. Umeme uingie kwenye tundu lililoandikwa PWR IN, si lile jirani yake. Mara ya kwanza inachukua dakika kadhaa, usiwe na haraka ya kuchomoa. Kama Pi-Star haikupata mtandao wowote inaoufahamu, baada ya muda itajitengenezea mtandao wake uitwao Pi-Star-Setup. Unganisha simu yako humo, fungua 192.168.50.1 kwenye kivinjari, na uweke waifai kutokea hapo.

Kwenye dashibodi

Fungua http://pi-star.local/ kwenye kompyuta iliyo mtandao huohuo. Simu nyingine za Android haziyajui majina ya aina hii. Tumia namba ya IP. Jina la kuingilia ni pi-star na neno la siri ni raspberry. Kabla ya chochote kingine, shuka chini kabisa ya ukurasa wa mipangilio ubadilishe neno hilo, maana dunia nzima inalijua.

Pi-Star haipendi kujazwa yote kwa mkupuo. Kila ukichagua kitu na kubonyeza "Apply Changes", sehemu mpya za ukurasa zinafunguka kulingana na ulichochagua. Kwa hiyo enda hivi: kwanza chagua MMDVMHost na "Simplex Node", hifadhi. Kisha washa DMR Mode, hifadhi. Ndipo ujaze ishara ya wito, namba ya DMR, masafa, na aina ya modemu. Kwenye modemu orodha ni ndefu na majina yanafanana. Vibao vingi vya antena moja vinavyochomekwa juu ya pini ni MMDVM_HS_Hat au STM32-DVM / MMDVM_HS, vyote vikiwa na neno GPIO. Ukichagua cha USB kwa kibao cha pini, modemu haitaonekana kabisa.

"Node Type" iache "Private", ili kisanduku kikubali namba yako tu. Mtu akipita jirani na redio ya DMR kwenye masafa yako, hataweza kuzungumza kwa jina lako. Dashibodi na SSH (njia ya kuingia kwa kuandika amri) navyo viwe "Private" kwenye sehemu ya ulinzi. Latitudo na longitudo andika za karibu karibu, kwa sababu zinaonekana kwenye ramani za watu wote, na sioni sababu ya kuchora mshale hadi kwenye dirisha la chumba changu.

Sehemu ya DMR, chagua seva ya BrandMeister iliyo karibu nawe kwenye orodha ya majina yanayoanza na BM_. Weka lile neno la siri la hotspoti, weka tarakimu mbili za nyongeza kwenye ESSID, na msimbo wa rangi, namba ambayo lazima ifanane kwenye redio na kwenye kisanduku, uwe 1. Hifadhi. Kando ya ukurasa wa mbele, alama ya DMR Net ikigeuka kijani, upande wa intaneti umekwisha. BrandMeister hutumia UDP kupitia mlango 62031, na kisanduku ndicho kinachopiga hodi, kwa hiyo huna haja ya kugusa ruta wala kuomba IP ya umma. Ndiyo maana kinafanya kazi hata nyuma ya mtandao wa simu.

Masafa

Hapa sheria ya kwanza ni mpango wa bendi wa nchi yako, usiuruke. Ndani ya ukanda wa 1 wa IARU, umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa, bendi ya sentimita 70 ni megahezi 430 hadi 440. Toa 435 hadi 438, ambayo ni ya setilaiti. Miliwati zako zinaweza kumharibia mtu anayesikiliza kitu kilichoko angani, na famiwea ya MMDVM_HS yenyewe inakataa kurusha humo. Mimi pia naepuka 433.05 hadi 434.79, kwa sababu ndipo zinapopiga kelele rimoti za magari, kengele za milango na vipima hali ya hewa. Toa tena masafa ya ripita za eneo lako, ya kuingilia na ya kutokea. Kilichobaki, sikiliza kwa redio muda wa kutosha kabla hujajimilikisha.

Redio

Kwenye programu ya redio yako tengeneza chaneli moja ya dijitali. Masafa ya kupokea na ya kurusha yawe sawa na ya hotspoti. Msimbo wa rangi 1, sloti ya 2, nguvu ya chini kabisa. Ruhusa ya kurusha iwe "Always". Namba yako ya DMR iwe ile ya tarakimu 7, bila nyongeza.

Sasa makundi ya mazungumzo, TG kwa kifupi. Weka mawasiliano matatu tu: TG 91 ya dunia nzima kama wito wa kundi, 9990 kama wito wa binafsi, na 4000 ya kukata. Baadaye utaongeza TG ya nchi yako na za marafiki. Kuna mtego mmoja hapa unaowatesa wapya kuliko mwingine wowote: orodha ya kupokea. Redio ya DMR hainyanyui sauti ya kundi ambalo halimo kwenye orodha ya kupokea ya chaneli hiyo. Dashibodi itakuonyesha mtu anazungumza, taa ya PTT ya kibao (ya kurusha) itawaka, kijitaa cha redio kitawaka kijani, na spika itakaa kimya kama imekula njama. Weka kila TG unayoitumia kwenye orodha hiyo, au washa kitu kinachoitwa "Digital Monitor" ikiwa redio yako inacho.

Kasuku, na namba ya BER

9990 ni kasuku wa BrandMeister: unazungumza, unaachia, naye anakurudishia sauti yako. Usimpigie mara tu baada ya kuwasha. Acha kisanduku kipate joto lake kwa dakika 10 hivi, kwa sababu masafa ya kibao husogea kidogo kadiri kinavyopata moto, na unataka kukipima kikiwa katika hali kitakayofanyia kazi.

Simama hatua kadhaa mbali. Redio ya wati 1 ikishikwa juu ya kisanduku inakiziba masikio, na unaweza kutumia jioni nzima ukitafuta kosa ambalo halipo. Bonyeza, subiri nusu sekunde, sema ishara yako ya wito, hesabu polepole hadi kumi, achia. Kisha angalia dashibodi kwenye jedwali la "Local RF Activity". Safu ya BER inakuambia ni asilimia ngapi ya biti zilifika zimeharibika.

Chini ya asilimia 1 ni safi. Kati ya 1 na 3 utaelewana na watu lakini sauti itakuwa na mikwaruzo. Juu ya hapo utasikika kama roboti aliyemeza maji, na ikizidi zaidi kisanduku hakitakutambua kabisa. Kama redio haiwashi hata taa ya COS ya kibao (ile ya kupokea), na masafa umeyahakiki, mara nyingi sababu ni hiihii: kibao kimekaa pembeni ya masafa halisi kwa mamia ya hezi.

Dawa iko kwenye menyu ya Expert, sehemu ya MMDVMHost, kwenye visanduku viwili viitwavyo RXOffset na TXOffset, vya kusogeza masafa ya kupokea na ya kurusha. Vipimo ni hezi. Kwenye kibao nilicho nacho sasa, sifuri ilinipa BER ya asilimia 3.8. Nikaweka −200 ikashuka hadi 1.6. Kwa −400 ikawa 0.3, na −500 ikabaki hapohapo. Nilipofika −700 ikaanza kupanda tena, ikapita 1. Basi niliweka −450 nikaacha. Unachotafuta ni katikati ya bonde, si namba moja ndogo iliyotokea kwa bahati. Nenda kwa hatua za 100, na baada ya kila hatua hifadhi, subiri huduma iwake upya, mpigie kasuku kwa muda uleule na kwa umbali uleule. Ukiona kwa minus inazidi kuharibika, rudi sifuri uende upande wa kujumlisha.

TXOffset haina jedwali la kukuambia, maana ni redio yako inayopokea na redio nyingi hazionyeshi BER. Ila mapigo ya kurusha na ya kupokea yanatoka kwenye kikopo kilekile cha chuma, kwa hiyo anza na namba ileile uliyoipata kwenye RXOffset. Sikiliza kasuku. Sauti ikija laini, umemaliza.

Ukikwama, kasuku anakusaidia kujua kosa liko upande gani. COS haiwaki unapobonyeza: tatizo liko kati ya redio na kisanduku, yaani masafa, offset, antena, au chaneli si ya dijitali. COS inawaka, dashibodi inaonyesha ishara yako, ila kasuku kimya: tazama mtandao, neno la siri la BrandMeister, au kama 9990 umeiweka kuwa wito wa kundi. Kasuku anajibu kwenye dashibodi na PTT ya kibao inawaka, ila redio haisemi: orodha ya kupokea, au TXOffset. Fuata mpangilio huo na usiguse vitu viwili kwa mara moja.

Nje ya nyumba

Kabla ya kuondoka, zima ruta ya nyumbani, washa hotspoti ya simu, washa kisanduku, na ukae kwenye kiti ukisubiri DMR Net iwe kijani kwa mtandao wa simu. Kikigoma hapo mezani utakuwa na kompyuta, mwanga na chai. Kikigoma stendi huna chochote.

Waifai ya hoteli inayotaka ufungue ukurasa, uandike namba ya chumba na kukubali masharti haifai. Kisanduku hakina mikono ya kubonyeza "Nakubali". Ama tumia simu, ama ruta ndogo ya safari inayopita ukurasa huo kwa niaba yake.

Data isikutie hofu. Sauti ya DMR husafiri kama vipakiti vidogo, kimoja kila milisekunde 60, na kila kimoja pamoja na bahasha zake za mtandao kina baiti zaidi kidogo ya 80. Piga hesabu: ni kama megabaiti 5 kwa saa moja ya mazungumzo yasiyokatika. Kinachoweza kula zaidi ni masasisho ambayo Pi-Star huyafanya yenyewe usiku, hivyo usikilaze kisanduku kikiwa kimeshikilia simu. Sauti ikikatikakatika kwa sababu mtandao wa simu unayumba, wakati offset uliiweka vizuri, ongeza thamani ya Jitter kwenye sehemu ya DMR Network. Unakubali kuchelewa kidogo ili upate sentensi nzima.

Umeme: pawabenki ya mAh 10,000 ina kama watisaa 37 ndani yake. Toa kinachopotea katika kupandisha volti hadi 5, ubaki na kama 31. Kisanduku kikila wati 1.5, hiyo ni saa 20 na ushei. Waya wa USB uwe mfupi na mnene. Waya mwembamba mrefu unaodondosha volti ndio chanzo cha kisanduku kujiwasha upya katikati ya sentensi, na waya huohuo utachaji simu bila lawama, kwa hiyo humshuku. Kasha lisilo na matundu nalo usilifunike kwa nguo ndani ya mkoba kikiwa kinafanya kazi. Joto likipanda, ile −450 yako haitakuwa sahihi tena.

Hewani, acha pengo la sekunde mbili tatu kabla ya kujibu, ili mwingine apate nafasi ya kuingia na kisanduku chako kipate nafasi ya kusikia. Kubonyeza TG 91 kunatosha kulifungua kundi, huna haja ya kuliweka liwe la kudumu kule BrandMeister. Makundi ya kudumu nashauri yasizidi moja. Kisanduku cha simpleksi kinachomiminiwa makundi manne hakina dakika ya kukusikiliza wewe. Ukimaliza, bonyeza 4000.

Mfumo wa faili wa Pi-Star unakaa katika hali ya kusomwa tu, kwa hiyo kuchomoa umeme ghafla mara moja moja hakuui kadi. Hata hivyo zima kutoka kwenye menyu ya Power ukiweza. Na siku kila kitu kikikaa sawa, ingia Backup/Restore upakue ile zip ya mipangilio, uiweke kwenye simu. Nyuma ya kasha langu nimebandika kipande cha karatasi chenye masafa, msimbo wa rangi, namba ya kikopo cha chuma na offset. Neno la siri sijaliandika hapo.